KIJANI AU NYEKUNDU? Ngoma ya kadi za michoro yachezwa Kitale na Bungoma

Nilipokuwa mdogo niliwasikia wazee wa Mombasa wakisimulia habari za ngoma ya beni. Walisema mji mzima uligawanyika pande mbili, huku Kingi, huku Scotchi, kila upande na tarumbeta zake, sare zake na vyeo vyake vya kujipa. Siku ya mashindano ikifika, mtu alikuwa radhi kuuza mavuno ya minazi yake yote ili upande wake usiaibike. Ngoma ikiisha, sifa zilibaki kwa kundi, na deni likabaki kwa mwenye minazi.

Sikutazamia kuikuta ngoma hiyo tena, na hasa sikutazamia kuikuta mbali na bahari, katika miji ya Kitale na Bungoma iliyo chini ya Mlima Elgon. Lakini nimeikuta. Haipigwi kwa tarumbeta, bali kwa maneno, kwenye vibaraza vya maduka ya kompyuta. Na pande zake bado ni mbili: kijani na nyekundu.

Kijani ni wapenzi wa kadi za michoro za kampuni ya Nvidia. Nyekundu ni wapenzi wa kadi za AMD. Na mimi, mtu wa Mombasa niliyekuwa nikidhani kompyuta ni mashine ya kupigia chapa barua, niliitwa niende kuwa hakimu.

Aliyeniita ni dada yangu. Aliolewa Kitale miaka mingi iliyopita, mumewe akafariki, naye akabaki huko na watoto wake wawili na shamba la mahindi. Mwezi wa Desemba alinipigia simu, na sauti yake haikuwa ya kawaida.

"Kaka, njoo uzungumze na mwanao," aliniambia. "Anataka kununua kidude cha kompyuta kwa pesa za mahindi. Na karo ya mdogo wake ya Januari imo humo humo."

Nilipanda basi.

MPANGO WA KIJANA

Nilipofika Kitale nilimkuta mpwa wangu amejaa hoja. Kijana ana umri wa miaka ishirini na miwili, na mpango wake si wa kipuuzi. Amekodi chumba kimoja karibu na stendi. Mchana atawachapia watu barua na kuwajazia fomu za serikali kwenye intaneti. Jioni kompyuta hiyo hiyo itakuwa ya michezo, vijana waje wacheze kandanda kwenye skrini na kulipa kwa kila mechi.

Kompyuta alikuwa nayo tayari. Aliinunua Nairobi, mojawapo ya zile zilizotumika katika ofisi za Ulaya zikaletwa huku kuuzwa upya. Ilikuwa mashine nzuri ya kuandikia, lakini michezo ya siku hizi ilikuwa ikiishinda. Picha zilikuwa zinakwama kama gari linalopanda mlima kwa gea kubwa. Ilihitaji kadi ya michoro.

Dada yangu alikuwa amemtengea shilingi 35,000, na si zaidi. Mpwa wangu alikuwa ameipenda kadi ambayo, pamoja na vitu vyake, ingepita hapo. Kilichopungua alikusudia kukikopa kwa simu, mkopo wenye riba wa kulipwa kwa siku thelathini. Hapo ndipo penye kiini cha ugomvi. Hakuna aliyekuwa akibishania mchezo. Walikuwa wakibishania karo ya mtoto na riba.

KADI YENYEWE NI KITU GANI?

Kabla ya kuendelea, acha nimweleze msomaji ambaye, kama mimi, hakukulia na vitu hivi.

Fikiria jiko la harusi. Yuko mpishi mkuu mmoja, hodari, ajuaye kila kitu. Huyo katika kompyuta ni prosesa. Lakini mpishi mkuu, hata awe hodari namna gani, hawezi peke yake kumenya magunia matatu ya vitunguu kabla ya Adhuhuri. Kwa kazi hiyo huitwa akina mama wa mtaa, kila mmoja na kisu chake, kila mmoja akafanya kazi ndogo, wote kwa wakati mmoja. Hao ndio kadi ya michoro.

Na vitunguu vyenyewe ni vingi kweli. Skrini ya kawaida ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu wa kwenda juu. Zizidishe, utapata nukta 2,073,600. Ili mchezo uende laini, picha nzima huchorwa upya mara 60 kwa sekunde moja. Ni nukta zaidi ya milioni 124 kila sekunde, na kila moja lazima ipewe rangi yake. Usione vyaelea, vimeundwa.

Watengenezaji wakubwa wa kadi hizi ni wawili. Nvidia ilianzishwa Marekani mwaka 1993, na mmoja wa waasisi wake, Jensen Huang, ndiye anayeiongoza mpaka leo. Wa pili ni AMD, ambayo iliingia katika biashara hii mwaka 2006 ilipoinunua kampuni ya ATI ya Kanada iliyokuwapo tangu 1985. Kiongozi wake tangu mwaka 2014 ni mwanamke, Lisa Su.

Na lisikilize hili, msomaji, maana niliposikia nilicheka. Jensen Huang na Lisa Su wote wawili ni wazaliwa wa Taiwan, na tena wana ujamaa wa damu. Wenye ngoma ni jamaa. Wanaogombana ni watazamaji.

KITALE: KWA WATU WA KIJANI

Siku ya pili mpwa wangu alinipeleka kwa fundi wake, karibu na soko. Fundi ni kijana mwenye adabu na mikono myepesi, na dukani mwake kila kitu ni kijani, hata kikombe cha chai.

"Mzee," aliniambia, "kwa kadi, Nvidia ndiyo baba yao. Nyingine ni za kuzugia."

Alitutolea RTX 3060, kadi iliyotoka mwaka 2021, imetumika lakini safi. Bei yake ilikuwa shilingi 32,000. Akaisifu kwa tarakimu. Ina kumbukumbu ya gigabaiti 12. Ina viini vya kazi 3,584, na mpinzani wake wa nyekundu, RX 6600, ana 1,792 tu.

"Mara mbili kamili, mjomba," mpwa wangu alinong'ona, macho yakimwaka.

Nikataka kuamini. Lakini nimeuza vitambaa Mombasa miaka mingi, na najua kwamba wauzaji wawili wanaweza kupima kwa mikono isiyolingana urefu. Baadaye nilielezwa kwamba ndivyo ilivyo. Nvidia na AMD hawahesabu viini kwa njia moja, kwa hiyo kuziweka hesabu zao bega kwa bega ni kama kupima kitambaa kwa dhiraa huku na kwa yadi kule. Kadi yenye viini mara mbili haina mwendo mara mbili.

Basi tukaomba kadi ijaribiwe kwenye kompyuta ya kijana. Fundi akafungua kasha, akaipachika, akatafuta waya wa kuipa umeme, akaukosa, akaunga waya mwingine kwa kiungio. Mashine ikawaka. Mpwa wangu akaufungua mchezo wa kandanda. Uwanja ukatokea, majani mabichi yakameremeta, wachezaji wakajipanga, refa akapuliza kipyenga.

Giza. Mashine ilizimika yote, kama taa iliyopulizwa.

Tuliiwasha tena, ikawaka. Tulipoufungua mchezo, ikazimika tena. Mara ya tatu fundi mwenyewe alitushika mkono. Akachukua tochi, akamulika kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ambacho mafundi hukiita pawa saplai. Kibandiko chake kilisema wati 240.

Hesabu ilikuwa ya mtoto wa darasa la tatu, na hakuna kati yetu aliyekuwa ameipiga. Kadi ile peke yake inaweza kula wati 170. Prosesa ya kijana inakula 65. Jumla ni 235, na hapo hujahesabu diski, feni na vinginevyo. Mzigo ulikuwa mkubwa kuliko chombo, na chombo kilikataa kung'oa nanga. Alhamdulillahi kilizimika, hakikuungua.

Fundi alisema tutahitaji pawa saplai ya wati 550, kama watengenezaji wa kadi hiyo wanavyoshauri, kwa shilingi 7,000. Na kwa kuwa mashine za ofisi zina plagi zao za namna ya peke yake, tutahitaji na waya wa kubadilishia plagi, shilingi 800. Nikatoa kalamu. Shilingi 39,800. Tulikuwa tumeipita pesa ya dada yangu kwa shilingi 4,800.

Mpwa wangu akanyamaza, akaitoa simu mfukoni. Nilijua anakwenda kutafuta nini humo.

"Rudisha," nilimwambia. "Kwanza tukawasikie na wale wa upande wa pili."

BUNGOMA: KWA WATU WA NYEKUNDU

Asubuhi yake tulipanda matatu. Njia hiyo hupita Kiminini na Kamukuywa, ikapita Misikhu na Lugulu, mpaka Webuye, na hapo huikuta barabara kuu itokayo Eldoret kwenda Malaba. Kutoka Webuye si mbali kufika Bungoma. Kila upande ni mahindi na miwa.

Mtu wa pwani akifika sehemu hizi asijione mgeni sana. Kusini ya Bungoma ndiko Mumias, ambako misafara ya wafanyabiashara wetu ilipokelewa na watawala wa Wanga katika karne ya kumi na tisa, na Uislamu ukaota mizizi huko tangu siku hizo. Basi sikushangaa mwenye duka tuliyeelekezwa kwake alipotupokea kwa "Assalamu alaikum" na kutuwekea viti kabla ya kutuuliza shida yetu.

Duka lake lilikuwa na bango jekundu. "Mimi ni AMD tangu zamani, sheikh," alisema bila kuficha. "Lakini nauza zote mbili. Mteja hachaguliwi rangi."

Alikuwa na RX 6600, nayo ya mwaka 2021, imetumika, kwa shilingi 24,000. Alikuwa pia na RTX 3060 kama ile ya Kitale, kwa bei ile ile. Na alikuwa na kompyuta yake ya majaribio yenye pawa saplai kubwa, ambayo aliiacha wazi mezani kama kuku aliyepasuliwa.

Nilimwomba kitu kimoja. Kadi zote mbili zijaribiwe kwenye kompyuta hiyo hiyo, mchezo ule ule, skrini ile ile. Na mpwa wangu ageuze uso ukutani kadi zinapobadilishwa, kisha acheze bila kuambiwa ipi imewekwa. Mwenye duka akacheka, akafunika mashine kwa kitambaa.

Kijana alicheza kandanda mara nne. Kila mara alinyanyuka na hukumu. Mara mbili alipatia, mara mbili akakosea. Mara moja aliisifu kadi kwa mwendo wake laini, akaapa kuwa ni kijani, na kitambaa kilipoinuliwa ilikuwa nyekundu. Watu waliokuwa wamejaa mlangoni walipiga makofi, na mpwa wangu akainamisha kichwa.

Nataka niwe mwadilifu. Wapimaji wa ulimwengu waliozishindanisha kadi hizi kwa michezo mingi huiona RTX 3060 ikiitangulia kidogo RX 6600 kwenye skrini ya kawaida. Lakini kidogo hicho, kwa macho ya mchezaji wa kandanda wa Kitale, hakionekani.

Halafu mwenye duka, ingawa ni mtu wa nyekundu, alitenda la kiungwana. Aliufungua mchezo wa Cyberpunk 2077, akawasha ule ufundi wa kuifuata miale ya mwanga mmoja mmoja, namna taa inavyopiga dimbwi la maji ikarudi ukutani. Hapo hapakuwa na fumbo. Kadi ya kijani ilijikongoja, lakini ya nyekundu ilichechemea. Mpwa wangu aliitambua kijani mara moja, na uso wake ukarudi juu.

"Na kama mtu anahariri video?" niliuliza, nikiwakumbuka wapiga picha wetu wa harusi kule Mombasa.

"Huyo mpe kijani," alijibu mwenye duka. "Programu nyingi za kuhariri na za akili bandia zimezoea kadi za Nvidia, na ile kumbukumbu ya gigabaiti 12 itamfaa. Mimi napenda nyekundu, sheikh, lakini sitamdanganya mtu wa harusi."

HESABU YA UMEME

Tukakaa na chai, tukaandika hesabu nyuma ya risiti.

RX 6600 hula wati 132, na watengenezaji wanashauri pawa saplai ya wati 450. Hiyo dukani ilikuwa shilingi 5,500. Tuliongeza waya wa plagi, 800. Pamoja na kadi ikawa 30,300. Zilibaki shilingi 4,700.

Sababu ya tofauti ya umeme nayo nilielezwa. Kiini cha RTX 3060 kilitengenezwa katika viwanda vya Samsung vya Korea, na cha RX 6600 katika viwanda vya TSMC vya Taiwan, ambavyo wakati huo vilikuwa na njia ya kuchonga vitu vidogo zaidi. Kiini kilichochongwa vidogo hufanya kazi ile ile kwa umeme mchache.

Tofauti ya kadi hizi mbili ni wati 38. Utasema ni nini wati 38, hata balbu ya zamani ilizidi. Lakini chumba cha michezo hakifungwi baada ya saa moja. Tuchukue saa kumi kwa siku kadi ikifanya kazi kwa nguvu zote: ni yuniti 0.38. Kwa siku thelathini ni yuniti 11.4. Ukizihesabu kwa shilingi 30 kila moja, ni shilingi 342 kwa mwezi. Siku kijana atakapokuwa na mashine nne, itakuwa shilingi 1,368 kila mwezi, na pesa hizo hazimletei mteja hata mmoja.

"Mjomba," alisema mpwa wangu polepole, "kumbe nyekundu ndiyo nzuri."

Hapo ndipo ilipobidi nimkatize, kwa sababu alikuwa anahama kundi tu. Alikuwa ametoka Kingi ameingia Scotchi.

RANGI HUGEUKA

Nilimwomba mwenye duka amweleze yaliyofuata, naye alimweleza vizuri.

Mwaka 2023 kampuni zote mbili zilitoa kadi mpya za daraja hilo. Nvidia ikaleta RTX 4060, ambayo nayo ilitengenezwa TSMC, na matumizi yake yalikuwa wati 115. AMD ikaleta RX 7600, nayo ikawa wati 165. Yule aliyekuwa mlafi akawa mwenye kujinyima, na aliyejinyima akawa mlafi. Aliyenunua nyekundu mwaka huo kwa kuamini kwamba nyekundu hula umeme mchache alidanganywa na rangi.

Tena hata ndani ya rangi moja ndugu hawafanani. Mwaka 2022 AMD ilitoa RX 6500 XT, kadi yenye gigabaiti 4. Kadi huzungumza na kompyuta kupitia njia zake. RTX 3060 ina njia 16, RX 6600 ina 8, na hiyo 6500 XT ina 4 tu. Kwenye kompyuta mpya njia nne hazimsumbui mtu sana. Kwenye kompyuta ya zamani, ambayo kila njia yake ina mwendo wa nusu, ni kama kupitisha gari la miwa kwenye uchochoro wa Mji wa Kale.

Na liko kundi la tatu, la samawati. Intel, maarufu kwa prosesa zake, ilileta kadi za Arc A750 na A770 mwezi wa Oktoba 2022, na mwezi wa Desemba 2024 ikaleta B580 yenye gigabaiti 12 kwa bei iliyotangazwa ya dola 249. Ni bei ya kutamanisha. Lakini kadi hizi zinataka kompyuta iwe na uwezo wa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo mmoja. Kompyuta nyingi za ofisi za zamani tunazoletewa huku hazina uwezo huo, na bila ya huo kadi za Intel hupoteza sehemu kubwa ya mwendo wake. Kadi si mbaya. Haikuumbwa kwa ajili ya nyumba hiyo.

Dada yangu, ambaye alikuwa akitusikiliza kwa simu iliyowekwa mezani, aliuliza swali ambalo hakuna mwanamume aliyekuwa amelifikiria. "Hakuna ndogo isiyotaka vikorokoro vyote hivyo?"

Ipo. GTX 1650 ya mwaka 2019 hula wati 75, na nyingi kati yake hunywa umeme wote kutoka kwenye tundu lilelile zinamopachikwa, bila waya wa ziada. Ingekaa kwenye kompyuta ya kijana bila kubadilishwa pawa saplai. Mwenye duka alikuwa nayo kwa shilingi 14,000. Kwa anayetaka kucheza kandanda nyumbani na watoto wake, ningemwambia aichukue, apange na mkewe matumizi ya pesa iliyobaki. Lakini ina gigabaiti 4 tu za kumbukumbu, na chumba cha biashara kinataka kitu kitakachovumilia michezo ya miaka ijayo. Tuliiacha kwa sababu hiyo, wala hatukuidharau.

TAHADHARI YA KILICHOTUMIKA

Kadi zote hizo zilikuwa zimetumika, na kwa hiyo nimwachie msomaji maneno machache ya tahadhari.

Kadi nyingi za zamani zilitumika kuchimba sarafu za kompyuta, usiku na mchana, katika mabanda yenye joto. Mwezi wa Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha njia hiyo ya kuchimba, na kadi kwa maelfu zikamwagika sokoni ulimwenguni kote. Si zote zimechakaa, lakini feni zake huwa zimechoka. Zisikilize zikizunguka.

Zaidi ya hapo kuna wadanganyifu. Huichukua kadi kuukuu, wakaibadilisha programu yake ya ndani ili ijitambulishe kwa jina la kadi mpya. Iko programu ya bure iitwayo GPU-Z, ambayo tangu mwaka 2018 huweza kuzifichua nyingi za namna hiyo. Mwambie muuzaji aifungue mbele yako. Kisha kadi ichezeshwe nusu saa, si dakika mbili. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Wetu alituongezea chai.

MWISHO WA NGOMA

Tulinunua RX 6600. Hatukuinunua kwa kuwa ni nyekundu. Tuliinunua kwa sababu kazi ya kijana ni kandanda na fomu, skrini yake ni ya kawaida, umeme ataulipa yeye mwenyewe, na pesa ya mama yake ilikuwa 35,000. Angekuwa mhariri wa video za harusi mwenye 40,000 zake mwenyewe, tungenunua ile ya kijani, na makala haya yangekuwa na mwisho mwingine.

Kati ya zile 4,700 zilizobaki tulinunua stebilaiza kwa 3,500, kwa sababu umeme wa sehemu zile hupanda na kushuka. Shilingi 1,200 mpwa wangu alizirudisha mkononi mwa mama yake, mbele yangu. Dada yangu alizihesabu mara mbili, kisha akaweka masharti yake. Chumba kisiingize mtoto wakati wa shule. Na pasiwekwe dau juu ya mechi yoyote, hata la shilingi kumi. Siku atakayosikia habari ya kamari, ataing'oa kadi hiyo kwa mikono yake. Kijana aliinama akakubali. Mkopo wa simu haukutajwa tena.

Januari dada alinipigia simu. Karo imelipwa. Chumba kimefunguliwa, na jioni hujaa. Akaniambia kwamba hata yule fundi wa kijani hupitia baada ya kufunga duka lake. Hucheza mechi mbili tatu, husema kwamba picha ni nzuri lakini Nvidia bado ndiyo baba yao, kisha hulipa na kwenda zake.

Wahenga walisema, usisafirie nyota ya mwenzio. Wale wazee wa beni waliisafiria nyota ya kundi, wakarudi na deni. Mpwa wangu nusura afuate mkumbo huo. Safari hii ngoma imechezwa, na mahindi yamemlipia mtoto karo yake.